Bakuli la Masalu

Kaka yangu Masalu ni mpumbavu. Nimezaliwa naye tumbo moja, kwa hiyo haki ya kulisema hilo ninayo. Wewe ukilisema nitakurarua.

Daktari pale Bariadi alimwambia kwa Kiswahili ambacho hata mbuzi angekielewa: mzee, sukari yako iko juu, hiki kidonda cha kidole cha mguu hakitapona usipobadilisha chakula, na kisipopona tutakikata kidole. Masalu akaitikia, "Sawa, daktari," kwa heshima zote. Tulipotoka nje akaniuliza kama yule mama wa maandazi bado yuko stendi.

Mkewe alishafariki, hivyo jiko lilikuwa mikononi mwa mkwewe, Winnie, mke wa mwanawe Elia. Elia mwenyewe dereva wa malori, nyumbani anaonekana kama mgeni. Winnie anafanya kazi ofisi za mkoa, kucha ndefu, kila siku bodaboda. Aliposikia habari ya kidole akarudi jioni na maboksi. Mashine ya kukaangia bila mafuta. Blenda. Na mzani mdogo wa kuweka mezani. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Huo mzani ni wa dhahabu?" nikamuuliza.

"Wa ugali, sengi."

Sengi ndiyo shangazi kwetu Wasukuma. Mtoto wa watu alijifunza kuniita hivyo kabla hajajifunza kusonga ugali ukakubali. Na sasa anataka kuupima! Jamani, mama yetu alilisha watu wa kulima pamba shamba zima, na mzani aliuona kwa wanunuzi wa pamba tu.

Basi akaanza mambo yake. Ugali wa mtama, donge dogo, limepimwa. Dagaa wa Nassa anawaosha, anawapaka ndimu na kitunguu saumu, anawatia kwenye ile mashine, wanatoka wakavu wanalia kachakacha. Kunde za kuchemsha na nyanya na hoho, mafuta kijiko kimoja, nacho cha chai. Mlenda anaupika na karanga alizozisaga kwenye blenda, chumvi ya kuchota kwa ncha za vidole. Niliuonja ule mlenda matusi yangu yakiwa tayari mdomoni. Nikayameza. Ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Chakula kikawa kinapelekwa shikomeni. Shikome ni pale kwenye moto wa wanaume, mbele ya nyumba, wanapokaa jioni wao na majirani zao, kila mji ukileta bakuli lake. Mwanamke anaweka chakula pembeni, anapiga goti, anaondoka. Hakai kutazama midomo ya wanaume. Na mkwe ndiyo kabisa, mkwe amtazame baba mkwe wake akitafuna? Atakuwa ameolewa wapi huyo?

Bakuli la Winnie lilirudi kila jioni limekombwa, jeupe kama limeoshwa. Winnie akawa anatabasamu peke yake jikoni. Mimi nikaanza kuamini. Hata kijiji kilikuwa na baraka zake siku hizo, maana jirani yetu Maige, mwenye tumbo la kutangulia mlangoni, alianza kupungua. Kanisani akasimama kutoa ushuhuda kwamba presha yake imeshuka kwa maombi.

Tukarudi kliniki. Sukari ya Masalu imepanda, kidole kimeanza kuwa cheusi.

Nilifika nyumbani nikiwaka moto. "Wewe Winnie, unamtilia nini baba yako kwenye hicho chakula?"

"Sijamtilia kitu, sengi. Naapa."

"Basi hizo mashine zako ndizo zinazomuua!"

Akalia, binti wa watu, kanga mdomoni. Na kaka yangu alikuwepo! Amekaa kwenye kiti pale pale, anajikuna goti, anatazama kuku. Hakufungua mdomo. Nikikumbuka hilo mpaka leo natamani kumzaba kibao.

Jioni hiyo hiyo Elia akapiga simu yangu, anataka kuongea na baba yake. Nikasema liwalo na liwe, nikaenda na simu mpaka shikomeni, wanaume wakiwa kwenye chakula.

Lo! Maige ameliweka bakuli la Winnie mapajani, anachota mlenda, anatafuna dagaa kwa raha zake, macho kayafumba. Na kaka yangu, mgonjwa wangu, mkono wake umezama kwenye bakuli la Maige: ugali mweupe wa sembe na mbuzi wa mafuta, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Masalu!"

Akaurudisha mkono taratibu. "Sasa Nyanjige, shikomeni mtu anakula chakula chake mwenyewe? Si nitaitwa mchoyo?"

"Kwa hiyo mnabadilishana tangu lini?"

"Tangu alipoanza kupika majani yake," akasema. "Yule anapimia watu chakula. Sikutaka hata kukionja."

Maige akalamba vidole. Wote pale walijua. Wanaume wazima, wamekaa wanatazama mtu anajila mguu, kwa sababu kumkataza ni kukosa adabu. Nikasonya, sauti ikafika barabarani.

Kidole kilikatwa wiki ile.

Hospitalini hakuna shikome. Winnie akaja asubuhi na bakuli lake, akapiga goti, akaliweka, akageuka atoke kama desturi inavyotaka. Hakuninunia hata kidogo, na hilo nalo liliniuma. Nikamwambia akae. Akakaa mlangoni, uso kautazamisha ukutani.

"Kula," nikamwambia kaka yangu.

Akamega donge, akachovya kwenye mlenda kama anayechovya kwenye dawa ya ng'ombe. Akatia mdomoni. Akaacha kutafuna. Akachovya tena. Akachukua dagaa, akachukua kunde, akarudi kwenye mlenda, mpaka bakuli likafika nusu.

"Hiki ndicho alichokuwa anapika?" akaniuliza.

"Ndicho."

"Siku zote?"

"Siku zote, Masalu."

Akautazama mguu wake uliofungwa bandeji. Akamtazama Winnie pale mlangoni, mgongo tu. "Mbona ni kitamu," akasema.

Hapo ndipo Maige akaingia kumpa pole, suruali kaibana kwa kamba kwa jinsi alivyokonda, anameremeta kwa afya. Akasalimia wote, akavuta kigoda karibu na kitanda. Kisha akaliona bakuli, akanawa kwa maji ya kunywa ya mgonjwa, akanyoosha mkono.

Masalu akalikumbatia bakuli kifuani kwa mikono yote miwili, akamgeuzia mgongo.