Injini ya Muhazi Ndani ya Pipa

Waliokuwapo karakanani Gikondo, mjini Kigali, alasiri ile ni wanne: Bayingana, fundi wa pikipiki aliyekulia Uganda, Praxeda, Mhaya wa Bukoba mwenye duka la vipuri mlango wa pili, Évode, mwendesha boti, na dada yake, Mukunde. Mama yao alikuwa kijijini, ng'ambo ya ziwa Muhazi, miguu imemvimba.

Kesho asubuhi mama alipaswa kuwa hospitalini Kigali kusafishwa damu. Zamu iliyopita aliikosa, na daktari alikwisha kumwambia Mukunde, bila kupamba maneno, kwamba akikosa na hii atakufa. Mvua ilikuwa imebomoa daraja la bondeni; waenda kwa miguu walivuka juu ya mawe, lakini gari halikuweza kupita. Kwa kasia ni kutwa nzima. Tumaini lilibaki kwenye injini hii kuukuu, ambayo Évode aliileta mjini ilipokataa kuwaka.

Bayingana aliianza kazi vizuri. Alibadilisha plagi, akaosha kabureta, akatia petroli iliyochanganywa na oili. Injini ilipowaka, ikiwa imefungwa ukingoni mwa meza, aliiacha ingurume huku ametega sikio, kama afanyavyo kwa pikipiki. Pikipiki hupozwa na upepo. Injini ya boti hunywa maji ya ziwa, na pale mezani hapakuwa na hata tone. Évode aliporudi na ndoo za kujaza pipa, harufu ya mpira ulioungua ilikuwa imetanda.

Sasa ilikuwa imetumbukizwa pipani, inanguruma, lakini kitundu cha ubavuni kinachopaswa kutema maji kilikuwa kikavu.

"Moto iko, mafuta iko," Bayingana alisema, akaizima.

"Na maji je? Fundi, hii si pikipiki ya kupeleka abiria stendi ya Nyabugogo," Évode alisema.

"Nimesikia, kaka. Umeshasema tangu mchana."

Walifungua pampu. Mapezi ya mpira yalikuwa yamekatika yote. Praxeda akaenda dukani kwake, akarudi na mpira mwingine.

"Huu ni wa injini nyingine," alisema. "Mama mmoja, baba mbalimbali. Mpige msasa kidogo ataingia."

Bayingana alisugua, akapima, akasugua tena. Mukunde alishikilia skrubu kiganjani, akazibana hata zikamwachia alama. Alipoombwa azitoe, vidole havikutaka kufunguka.

Injini ikawashwa. Uzi mwembamba wa maji ukachuruzika kutoka kitunduni.

"Umeona, mwanangu?" Praxeda alimwambia Mukunde. "Mungu si Athumani."

Mukunde aliinama kuutazama. Uzi ule uligeuka matone, matone yakageuka mvuke. Vipande vya mpira wa zamani vilikuwa vimepanda na kuziba njia za maji. Kabla Bayingana hajafikia swichi, injini ilitoa mlio mkali wa chuma kukwaruza chuma, ikakwama. Évode aliegemeza mguu kwenye pipa akavuta kamba ya kuwashia kwa nguvu zake zote. Haikusogea.

"Tufungue silinda," Bayingana alisema bila kumtazama mtu. "Nitakesha nayo."

"Na pistoni utazitoa wapi?" Praxeda aliuliza kwa upole. "Mimi ndiye muuzaji, na ninakwambia hazipo."

Mukunde aliketi juu ya tairi. Kilimani kwao kulikuwa na ingobyi, machela ya kusuka yenye miti, ambayo wanaume wa chama cha kijiji huwabebea wagonjwa mabegani, kwa zamu. Sheria yake ni moja: asiyebeba habebwi. Tangu wanunue injini, Évode hakuitikia tena wito. Hata mke wa Nizeyimana, kiongozi wa chama, aliposhikwa na uchungu usiku wa mvua, Évode hakutoka. Na Mukunde ndiye aliyekuwa amemwambia kwamba mwenye boti hana haja ya mabega ya watu.

Alisimama, akajifuta mikono kwa kitenge.

"Fundi, weka spana chini. Dada Praxeda, asante. Évode, tunapanda gari sasa hivi hadi darajani, tuvuke kwa miguu, twende kwa Nizeyimana kabla hajalala. Nitapiga magoti mlangoni pake, nawe utapiga pamoja nami. Wakikubali, mama atabebwa alfajiri hadi ng'ambo ya daraja, kwenye gari, na mti wa mbele utakuwa begani mwako. Wakikataa, tutambeba sisi wawili."