Mkono Mbele ya Mdomo

Severina alikuwa akicheka kwa mkono. Kijiji kizima cha Issuna kilimjua hivyo: akichekeshwa, kiganja hutangulia mdomoni. Alipokuwa darasa la tatu jino lake la mbele lilitoboka, likapakwa dawa ya madini ya fedha. Dawa ilizuia kuoza, kweli, lakini ilimwachia jino jeusi ti, na wenzake wakamwita Mkaa mpaka alipoolewa.

Sasa jino la mbele la bintiye Luciana, wa miaka tisa, lilikuwa limeanza kuliwa. Wiki tatu nzima Severina alimsukutuisha maji ya chumvi, maana aliiogopa dawa kuliko ugonjwa. Mtoto aliposhindwa hata kunywa uji, wakaenda hospitalini Ikungi.

Daktari Jenipher alimsikiliza Severina akieleza hofu yake mpaka mwisho, kisha akamwonyesha kichupa cha dawa.

"Dawa hii nayo ni ya fedha, dada, sikufichi. Ila chembe zake zimefanywa ndogo mno, hata ukizipanga elfu moja hazifikii unene wa unywele. Zinapenya kwenye tundu na kuua wadudu, na jino linabaki na rangi yake."

"Na lisipobaki?"

"Njoo unigombeze."

Tone moja, dakika moja, bila sindano. Walipotoka tu, Severina akatoa amri: "Mpaka nijiridhishe, usicheke mbele za watu. Ukishindwa, ziba mdomo."

Kila asubuhi alimtoa uani akamkagua juani. Wiki ilipita, jino jeupe. Mwezi ulipotimia lilikuwa jeupe bado, maumivu yamekwisha, na Luciana anabangua mbegu za alizeti kama kasuku. Severina alilia kwa furaha, akamruhusu acheke atakavyo.

Jumamosi hiyo walikuwa wakipura alizeti na jirani yao Febronia, mara jogoo akaruka na kutua kichwani kwa Febronia, akawika. Luciana alicheka mpaka akainama. Kiganja chake kilikuwa mdomoni.

"Toa mkono, mwanangu. Jino lako limepona."

"Najua, mama. Si ndivyo tunavyocheka sisi?"

Severina aliumia moyoni. Jino lilikuwa limetibiwa Ikungi, lakini mkono ule mdomoni mtoto alijifunza kwake.

Jogoo akarudi tena palepale, Febronia akapiga yowe. Severina aliikamata fimbo ya kupuria kwa mikono yote miwili, akaing'ang'ania, akacheka kwa sauti, jino jeusi nje. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini hakuiachia fimbo.

Luciana, kiganja mdomoni tena, alimtazama mama yake. Kisha akashusha mkono.