Sahani ya Mama Zainabo

Asubuhi Zuleica alimkuta mama yake, Zainabo, uani akisaga juu ya jiwe kijiti cha msiro, urembo mweupe wa uso. Alipojipaka usoni, ule weupe haukupata hata kunjo moja la kuingia. Majirani walisema mti huo wa msiro ni wa ajabu, wakaomba kipande. Lakini Zuleica ndiye aliyemsuka mama nywele, na mvi zilikwisha tangu Ramadhani.

Ramadhani ilipita, mama akaendelea kufunga. Tangu walipokimbia vita Quiterajo wakahamia Palma, chakula kilikuwa cha sufuria moja, na kila jioni aliisogeza sahani yake kwa wajukuu.

"Kuleni, baba zangu. Mimi nimeshakula."

Germano, muuguzi wa zahanati waliyemwita enfermeiro, alimpima mama mapigo ya moyo.

"Ndani ya kila chembe ya mwili mna majiko madogo yanayochoma chakula," alimweleza Zuleica, kama anayeeleza malaria. "Vimeng'enya ndivyo vinavyochunga moto. Chakula kikipungua, vinaupunguza, vinatengeneza palipochakaa. Basi vya mama yako havijui kuacha kutengeneza."

"Na dawa yake, enfermeiro?"

"Ale." Akafunga droo. "Hiyo hapa hatuna."

Kwenye mgao wa chakula walimkataa mama, maana kadi ilikuwa ya bibi kizee na aliyeishika alikuwa mwali.

Zuleica aliosha vyombo katika jiko la kambi ya wafanyakazi wa gesi, ndani ya uzio wa Afungi. Kila mchana alikwangulia pipani wali na mapaja ya kuku yasiyoguswa, yakaenda kufukiwa shimoni, kwani ilikatazwa hata punje kutoka nje. Siku aliyoficha paja chini ya kilemba, mlinzi Amido alilitoa taratibu, akalirudisha pipani.

"Dada, safari nyingine utafukuzwa."

Na kibarua hicho ndicho kilichoijaza ile sufuria moja. Alirudi nyumbani roho mkononi, akihofia atamkuta mama amepungua tena.

Alikuwa amepungua. Kanga ilimzunguka mara tatu, na mjukuu mkubwa alishampita kimo. Zuleica aliogopa sana, kwa kuwa utoto nao una mwanzo wake, na nyuma ya hapo hakuna mtu.

Alimpakata mama mapajani, akamega tonge, akampa. Mama alilipokea kwa viganja viwili, maana kimoja hakikutosha, akamgeukia mjukuu aliyeketi kando. Mtoto alifungua kinywa kama alivyozoea.

"Nimeshakula," alisema mama.