Kitambaa cha Nne

Guylain alikaza nati ya mwisho, akapangusa mikono kwenye suruali, kisha akainama kuokota vitambaa vyake chini ya lori. Akaokota kimoja, cha pili, cha tatu. Akazunguka gurudumu la mbele macho yakiwa chini, akarudi alikotoka, akachungulia tena.

Naomie alikuwa ameketi kwenye nyasi kando ya barabara, bido lake, dumu la mafuta ya mawese, likiwa katikati ya miguu. Lori la Mama Kasoki lilikuwa limewafia hapo Bihambwe, wakitoka Walikale kwenda Sake. Kolekteri, kile chuma chenye matawi kinachogawia hewa kila silinda, ilikuwa imepasuka. Moteri ikameza vumbi, ikatoa moshi mweusi, ikakataa kupanda mlima. Guylain, ambaye ndiye dereva na ndiye fundi, aliagiza nyingine kwa simu. Ikaletwa kwa pikipiki kutoka Goma pamoja na joint moja tu, ile karatasi ngumu inayobanwa kati ya chuma na chuma ili hewa isipenye. Alipoitoa kolekteri ya zamani, matundu manne ya hewa yalibaki wazi, akayaziba kwa vipande alivyochana kwenye kikwembe, kitenge kikuukuu, ili mchanga usiingie.

"Unatafuta nini tena?" Mama Kasoki akauliza. Alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, na haraka yake haikuwa ya bure. Asubuhi risasi zilisikika ng'ambo ya vilima, na baria ya mbele, kizuizi cha barabarani, hufungwa jua likianza kushuka. Hakuna aliyetaka kulala pale.

"Mama, nilitia vitambaa ine mu matundu. Naona tatu."

"Sasa?"

"Kama moja ilibakia mule ndani, moteri itaimeza. Itaweza kutufia huko mbele, mahali hakuna muntu."

Mkono wa Naomie ukatambaa wenyewe hadi kwenye mdomo wa bido. Mizigo ilipokuwa ikishushwa, kifuniko chake kilivunjika. Akaona kitambaa kando ya jiwe lililozuia gurudumu, akadhani ni taka, akakikunja na kuziba nacho. Sasa kilikuwa kimelowa mawese, chekundu tupu. Nani angekitambua?

Guylain akawageukia abiria. "Nani aliona kitambaa ya kikwembe hapa chini? Iko na maua ya njano."

Watu wakatazamana. Naomie akatazama viatu vyake. Wote walikuwa wamechoka, wote walikuwa na hofu, na yeye alijua hofu ya watu wengi: ikikosa pa kutua, hutua juu ya mgeni. Hakuwa na ndugu hata mmoja kwenye lori lile. Mtoto wake Elodie alikuwa Sake, kwa shangazi yake, akimngoja. Akisema, je, wakimwacha hapa? Guylain akarudi kwenye lori, na nafasi ya kusema kwa urahisi ikapita. Sasa lingekuwa kosa juu ya kosa: kuchukua, na kuficha.

"Ukifungua tena?" Mama Kasoki akauliza.

"Joint itapasuka, imeshashikana na gundi. Na hakuna ingine."

"Washa tu, Mungu iko," akasema mwanamume mmoja mwenye kofia ya sufu. Guylain akachukua kle, spana yake, akaanza kulegeza nati za pembeni. Kila nati ilipolia, Naomie aliisikia kwenye meno. Ukungu ulikuwa unashuka kilimani. Guylain akaweka kle chini, akachukua bisibisi, akaisogeza kwenye ukingo wa kolekteri ili aibandue.

Naomie akajikuta amesimama.

"Kaka Guylain, ngoya."

Akachomoa kitambaa, mawese yakamwagikia miguu yake. "Njo hii. Niliiokota. Nilifikiri ni taka."

Mwenye kofia akatema mate. "Tuliulizwa sisi wote, akanyamaza. Abaki hapa na mafuta yake."

Sauti kadhaa zikamuunga mkono. Guylain alikipokea kitambaa, akakikamua, akakitandaza juu ya bamba la gurudumu pamoja na vile vitatu, akavizungusha mpaka kingo zilizochanika zikakutana. Ua la njano lililokatika kwenye kimoja likakamilika kwenye kingine. Bado hakutulia: kingeweza kuwa kipande ambacho hakikuwahi kuingia tunduni.

"Uliiokota wapi?"

"Karibu na ile jiwe."

Akashusha pumzi. "Njo pale nilikuwa nazitupia." Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa joint, haikuwa imebanduka. Akaanza kukaza upya, kutoka nati za katikati kwenda za pembeni, kidogo kidogo, akirudia, chuma kisilale upande mmoja.

Mama Kasoki akamwambia mwenye kofia, "Lori iko yangu. Siwezi kuacha mwanamuke mu barabara juu ya kitambaa." Kisha, bila kutabasamu, akamgeukia Naomie. "Na wewe, siku ingine ukiulizwa, jibu."

"Ndiyo, Mama."

Mwanamke mmoja akampa gunzi la muhindi azibe bido. Ufunguo ukazungushwa, moteri ikakohoa, ikanyamaza. Mara ya pili ikashika. Guylain akashuka, akapitisha kiganja kando ya joint akitafuta hewa inayovuja. Kisha akafunga boneti.

Juu ya mizigo, mwenye kofia alimpa Naomie mgongo. Kila mlima ulipobadili mlio wa moteri, Naomie alishika kamba kwa nguvu, ingawa vitambaa vyote alikuwa ameviona kwa macho yake. Kwenye baria walikuta mti umeshaanza kushushwa. Mama Kasoki akaongea, akasihi, mti ukainuliwa.

Walipofika Sake, Guylain alimsaidia Naomie kushusha bido.

"Mbona ulikawia kusema?"

"Niliogopa mutaniacha."

"Wangeweza," Guylain akasema, akarudi kwenye lori.

Naomie akaweka mukaba, mkanda wa kubebea mzigo, kwenye paji la uso, akainua bido mgongoni. Gunzi halikuziba vizuri. Mawese yalimtiririkia kiunoni, yenye uvuguvugu. Hakusimama kulikaza. Alipita sokoni upesi, akielekea kwa wifi yake, alikokuwa Elodie, kabla giza halijaingia.