Kovu la Shavu la Kushoto

Sijalala. Naliweka hilo wazi mapema, maana watu wa chuo hiki wakimkuta mzee amefumba macho, wanasema amelala. Nimekaa tu juu ya kapu la mavazi katika chumba cha kubadilishia, saa nane mchana, brashi mkononi, kioo kikubwa mbele yangu, namngoja Nandonde aje nimpake uso. Nandonde ndiye baba katika mchezo wa wanafunzi. Baba anarudi baada ya miaka ishirini, hakuna anayemtambua, mpaka binti yake anamgusa shavu la kushoto na kusema, kovu hili nililiona nikiwa mgongoni mwa mama, wewe ni baba yangu. Hapo ukumbi unatakiwa ulie. Jana ulicheka. Jana mimi, Bi Somoe, ninayewavisha wanafunzi hawa mwaka wa kumi na moja sasa, nilitengeneza kovu zuri la unga na gundi na rangi ya mdomo, kovu la kumtisha hata daktari, nikalibandika shavu la kulia. Nilikuwa namtazama Nandonde kwenye kioo, na kioo kina fitina. Zawena, anayeigiza binti, akagusa shavu la kushoto, safi kama sahani ya mgeni, akasema, kovu hili. Mtu mmoja alianguka kwenye benchi kwa kicheko. Zawena alilia nyuma ya pazia hadi wanja wangu ukamfika kidevuni, na Mwalimu Mchopa, bwana mkubwa wa michezo yote hapa, akaniambia kwa ile sauti yake ya upole inayokera: Bi Somoe, kesho wanakuja wazazi, mama yake Zawena yumo. Tukikosea tena, mwakani tutamwomba yule binti wa saluni atusaidie. Saluni. Mtu anayenyoa nyusi, halafu anazichora palepale alipozinyoa.

Basi nafumba macho, jicho moja kwanza, la pili linafuata lenyewe, na nikiinuka kukisogelea kioo ili nikiseme vizuri, mguu wangu haugongi kitu. Naingia. Upande wa pili kuna barabara, si ya lami wala ya vumbi, ni jora la kitambaa cha marekani linalojikunjua mbele yangu, jeupe, refu, halina pindo, na mwisho wake siuoni. Mbele amesimama mtu kanipa mgongo, amevaa shati la Nandonde. Shati lile nalijua. Lilikuwa jipya, nikalisugua kwenye ngazi za bweni siku tatu, nikalichemsha na majani ya chai, nikalitoboa kiwiko, ili lionekane limetembea miaka ishirini. Mama yangu angeniona angenichapa. Namwita, Nandonde, njoo ukae, saa zinakwenda. Anageuka. Hana uso. Si kwamba ameufunika. Hana, kuanzia nywele hadi kidevu ni laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Namwambia, mwanangu, leo una kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Anajibu kwa sauti inayotoka sijui wapi: mimi si Nandonde, mama, mimi ni wa kukupeleka kwake. Nipeleke basi. Kitendawili, anasema. Sina nafasi ya vitendawili, pazia linafunguliwa saa tisa. Kitendawili, anarudia, na jora linaacha kujikunjua. Haya, tega. Nikimwita haji, nikinyamaza anakuja. Nafikiri. Paka, nasema. Siye. Mkwe wangu. Siye. Mwenye jibu ni mimi, nipe mji. Hiyo ndiyo kanuni tangu utotoni, ukishindwa unatoa mji ndipo uambiwe, na enzi hizo niligawa miji bila kupungukiwa hata kibanda. Chukua Masasi, nasema. Anaichukua, ananiambia jibu ni usingizi, namwambia mimi silali, nimefumba macho tu, na nikimaliza kubishana tuko Masasi.

Masasi naijua, niliolewa huko mara ya kwanza, lakini hii kuta zake zote ni vioo na kila kitu kimehama upande. Milima iliyokuwa nyuma ya mji iko mbele. Soko liko ilipokuwa zahanati. Watu wamekaa barazani wanakula kwa mkono wa kushoto bila haya yoyote, nao hawana nyuso, sijui chakula kinaingilia wapi, na mmoja ananinyooshea tonge kwa mkono huohuo, karibu, mama. Nawauliza, nyinyi mlilelewa na nani? Yule wa kunipeleka ananituliza: wasamehe, mama, huku adabu imevaliwa ndani nje. Ndipo namwona Nandonde. Yumo katika kila ukuta, ameketi, uso mtupu, ananisubiri kama mgonjwa. Naukimbilia ukuta wa kwanza, napaka kovu shavu la kushoto, linakaa kulia. Nafuta kwa upindo wa kanga. Napaka kulia ili liende kushoto, maana na mimi si mjinga, linabaki kulia. Nahamia ukuta wa pili, wa saba, sijui wa ngapi, nafuta, napaka, nafuta, kanga imekuwa kama ya mchinja kuku, na kovu linanikwepa na kukaa kulekule kunakochekesha. Kutoka mbali naisikia sauti ya Mwalimu Mchopa, ya upole: bado dakika tano, Bi Somoe. Namgeukia yule asiye na uso, namwambia, wewe, niambie hapa kushoto ni wapi. Kitendawili, anasema. Natamani nimzabe kofi lakini sina pa kulipiga. Tega. Nimemzaa juzi, leo ana miaka ishirini. Nasema, mjukuu wa jirani yangu anayeongopa umri. Siye. Nasema, uchovu wangu. Umekaribia, lakini nipe mji. Safari hii najifanya mjanja, nampa Tabora, mji ambao sijawahi kufika, nisipoteze changu. Anasema, jibu ni shati hili nililovaa. Shati langu. Kazi ya mikono yangu mwenyewe, na nimeshindwa kuijua. Uchungu unanipanda hadi kwenye meno machache niliyo nayo.

Na Tabora, kwa kuwa sijafika, haijakamilika. Nyumba zake ni maboksi yaliyopakwa rangi na kushikizwa kwa fito, kama zile tunazosimamisha jukwaani. Ukizunguka nyuma hakuna jiko wala chumba, ni upepo tu. Madirisha yamechorwa, mojawapo limepinda hivi kwamba nashuku nililichora mimi. Kutoka nyuma ya maboksi wanatoka watu, nao ni laini usoni, wanaiona brashi, wanapanga foleni. Mama, nitie nyusi. Mama, mimi nataka pua ya marehemu mjomba. Mwanamume mmoja anataka mdomo tu, ana neno la kumwambia mke wake. Namwambia, kaa hivyohivyo, baba, ndoa itadumu. Foleni inacheka, sijui kwa kutumia nini, nami sicheki, maana jora la barabara limeisha, limebaki uzi mmoja unaning'inia, na Mwalimu anaita tena, dakika tano, ni zilezile tano, hazipungui wala hazinitoshi. Kitendawili, anasema yule. Nakaa chini. Tega, baba, utakavyo. Nina jirani, nikigeuka naye anahama, nikirudi amerudi. Naufungua mdomo kutoa mji kabla hata ya kufikiri, kisha naufunga. Mji nilionao umebaki mmoja, huu wenye chuo, wenye ukumbi, wenye Zawena aliyelia wanja. Nikiutoa huo, nani atanirudisha, na kurudi wapi?

Navuta muda. Nawatazama wale wa foleni kwa hasira, na katikati yao namwona mwanamke amekaa juu ya kigoda, amembana mtoto katikati ya magoti, mtoto amempa mgongo, naye anamnawisha kwa nyuma, kiganja chake kinapita pale ambapo uso ungekuwa, kama tunavyowanawisha wote. Mkono wake wa kushoto uko kushoto kwa mtoto. Wanatazama njia moja. Hakuna kioo hapo, hakuna kukabiliana, hakuna kuchanganyikiwa, na mimi nimewanawisha watoto sita hivyo na wajukuu sihesabu. Kushoto, nasema. Huyo jirani yako ni kushoto, na mji wangu hupati. Yule asiye na uso hasemi siye. Anavuta kigoda, anaketi, ananipa mgongo. Nasimama nyuma yake, nafumba macho kabisa, naweka kiganja cha kushoto kushoto kwake, naanza kupaka kwa vidole, unga, gundi, rangi, polepole, na chini ya kiganja ile nyama laini inainuka, inakuwa mfupa wa shavu, inakuwa vinyweleo, inakuwa na joto. Wewe ni nani, namuuliza. Ananijibu: unaniuliza mimi, mama, na uso unanipa wewe? Sifumbui macho. Nikifumbua litahama.

Nikifumbua niko nyuma ya pazia, nimesimama, kiganja kimejaa gundi, na mchezo unaendelea. Jukwaani Nandonde amepiga magoti, mimi naona kisogo chake tu na kile kiwiko nilichokitoboa. Namnong'oneza Mwalimu Mchopa aliye kando yangu: nimempaka saa ngapi? Sasa hivi, Bi Somoe, tena umefumba macho, nikadhani ndio ufundi wenyewe. Kushoto au kulia? Ananielekeza jukwaani kwa kidevu, Zawena anasogea, anainua mkono, mkono unashuka nyuma ya kichwa cha Nandonde nisipopaona, unagusa. Kovu hili, anasema, na sauti inamkatika mahali ambapo hatukumfundisha. Namgeukia Mwalimu nimsome usoni, naye kajifunika leso uso mzima, mabega yanamtikisika, na mabega hayo yanaweza kuwa ya kilio na yanaweza kuwa ya kicheko. Natoa pini kwenye kanga, najichoma kidole nijue kama nimeamka. Hakiumi, ila vidole vyangu havijauma tangu enzi za cherehani ya mkono, kwa hiyo pini haijasema kitu. Ukumbini kimya. Wanafunzi mia tatu na wazazi wao, na hakuna anayekohoa, hakuna benchi linalolia, wala yule mjinga wa nyuma anayepigaga mluzi kila mwaka. Kimya cha namna hii sijakisikia tangu nianze kazi hapa. Nilichotaka ni wasicheke tu, na sasa nimesimama na sikio kwenye pazia, naomba japo mmoja wao acheke, kidogo tu, nijue niko upande gani wa kioo.