Dirisha la Mzinga wa Tano

Hivi Tabitha, unajua kwa nini manahodha wa meli za vita walipenda kuwa na mchapa mjeledi mwenye shoto? Wa mkono wa kulia anapiga akitokea upande wake, halafu wa shoto anatokea upande wa pili, mikato inapishana kama nyuzi za wavu, na nyama inabanduka vipande vipande. Babu yako Enoch, mume wangu, alikuwa shoto, msaidizi wa serahangi, yule msimamizi wa mabaharia, na kuchapa watu ilikuwa kazi yake. Na mgongo alioumaliza ulikuwa wa kaka yangu Lemuel.

Wote wawili walikuwa kwenye Kestrel, meli ya matanga yenye milingoti miwili na mizinga kumi na sita. Ilitoka hapa Harlow mwaka ule vita na Mwingereza vilipoanza, ikakamata meli tatu za mizigo. Ya nne ilikuwa ya vita. Walipigana dakika arobaini, mpaka mchanga uliomwagwa sitahani ili watu wasiteleze ukawa matope mekundu.

Lemuel alikuwa mkuu wa mzinga wa tano. Katikati ya mapigano maiti hailazwi pembeni, inasukumwa baharini kupitia dirisha la mzinga, wapigaji wapate nafasi. Na aliyeumia kiasi cha kutopona, naye huenda njia hiyo hiyo. Jabez Coit, rafiki yake tangu utotoni, alikatwa miguu yote miwili na tufe la mzinga.

"Mtoe huyo!" luteni akafoka.

"Afande, bado anapumua."

"Nimesema mtoe! Au nianze na wewe?"

Lemuel akamsukuma. Jabez akang'ang'ania ukingo wa dirisha. Ikabidi kaka yangu amwachishe vidole, kimoja kimoja.

Kestrel ilishinda, ikarudi Harlow na matundu yake, na Waingereza wakaja kufunga mlango wa ghuba. Ikakwama hapo miaka. Kutoka sitahani nyumba ya Mama Coit, mama yake Jabez, ilionekana vizuri, hata shuka zake kwenye kamba. Luteni alikuwa amemwandikia: mwanao alikufa papo hapo, hakuumia. Lemuel alitaka kumwambia ukweli, kwa mdomo wake. Lakini ruhusa ya kushuka hakupewa mtu, maana wengi walikuwa wakitoroka.

"Shemeji, achana nayo," Enoch alimwambia. "Barua ni ya uongo, sawa, lakini mama wa watu anapata usingizi."

"Yeye anapata. Mimi je?"

Asubuhi moja akajitosa, akaogelea. Askari wa lindo walimkamata ameshika komeo la geti la Mama Coit. Hakuwahi kubisha hodi.

Kesho yake watu wote walipangwa sitahani. Nahodha akamuuliza alikwenda kufanya nini. Lemuel akanyamaza, hakutaka Mama Coit ayasikie kwa mabaharia huko sokoni.

Nahodha akauliza, kama ilivyokuwa desturi, "Yupo wa kumtetea?"

Enoch alijua yote. Akatazama viatu vyake.

"Dazeni mbili. Ya pili apige yule shoto."

Wa kulia alipomaliza kumi na mbili, Enoch akapokea mjeledi wa kamba tisa, akauchambua damu kwa vidole ili kamba zisigandane.

"Piga sawasawa," nahodha akasema, "la sivyo utafungwa hapo wewe."

Akapiga sawasawa. Kufika pigo la nne, alinisimulia mwenyewe, akaona mfupa.

"Shemeji, mkono wako mzito!" Lemuel akasema, mdomo umejaa damu. "Dada yangu anakuvumiliaje?"

Watu wakacheka. Nahodha akaongeza sita.

Amani ilipotangazwa, Kestrel ilikuwa haijatoka tena hata siku moja. Nikamsindikiza Lemuel kwa Mama Coit. Alitupakulia supu ya samaki na mkate wa mahindi, kisha akatusomea ile barua, karatasi imelegea kwa kukunjwa.

"Luteni yule ana utu," akasema. "Kula, mwanangu. Mbona hugusi?"

Nikamkanyaga Lemuel mguu chini ya meza. Nilimkanyaga kwa nguvu, Tabitha, maana mimi nami nilitaka anyamaze.

Akaweka kijiko chini.

"Mama Coit," akasema, "Jabez alikuwa hai. Alishika dirisha. Mimi ndiye niliyemwachisha vidole."