Upanga Mfupi na Mkasi wa Baba

Mimi sipendi kutazamwa nikikata kitambaa, na kila mteja wangu hapa Kabuga analijua hilo. Nikishampima naingia chumba cha nyuma, nafunga mlango, naye akae kwenye benchi anywe chai au aende zake. Tabia hiyo nilirithi kwa Baba, fundi aliyewavisha Waislamu wa hapa kwa miaka mingi, na ambaye hakuna mtu, hata mama yangu mzazi, aliyewahi kumwona akikata nguo. Alikuwa akisema mkataji hatazamwi. Tuliamini ni siri ya kazi, tukamheshimu.

Alipofariki aliniachia cherehani mbili na mkasi mmoja mbovu. Cherehani bado zinafanya kazi. Mkasi nimeutundika kwenye msumari juu ya meza ya kukatia, kwa ukumbusho tu, maana kila aliyeujaribu ulimtafunia kitambaa. Watu watatu wameunoa, wote wameshindwa. Uwineza, binti anayenishonea, kila mwaka ananiambia niutupe, na kila mwaka namwambia atautupa siku nikifa.

Mwaka huu mlango niliufunga kwa sababu nyingine kabisa. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unatetemeka.

Ulianza kidogo kidogo, kijiko kikigonga glasi ya chai. Halafu chaki ikawa inachora mistari ya kilevi. Daktari akanipa vidonge na kuniambia nipumzike. Nipumzike! Mimi ni mkataji. Kushona anashona Uwineza, na anashona vizuri, ila ukimpa mkasi anakata kama anayekata mboga. Nisipokata mimi, duka hili ni chumba chenye mashine mbili.

Na wakati huo huo Mukashema akaniletea lesi. Mukashema ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana, na binti yake Aurore alikuwa anaolewa. Mita tano, nyeupe iliyoiva kama maziwa, imetunzwa sandukuni na bibi yake Aurore mpaka akafa. Ukikosea kipande kimoja hakuna duka lenye kingine. "Swafiya, hii sitaki iguswe na mtu mwingine," akasema, na mimi, mjinga, nikaitikia.

Wiki nne lesi ile ililala mezani. Kila nikishika mkasi, ncha inacheza. Naurudisha chini, natoka nje, nadanganya: mara mashine imekorofisha, mara nangoja uzi wa rangi yake, mara Ramadhani imenikalia vibaya. Wallahi, sijawahi kumdanganya Mukashema maishani kama nilivyomdanganya mwezi ule.

Hapo ndipo alipoingia Harriet. Mwanamke mrefu, nywele fupi, amekulia Kampala na Kiswahili chake kinachechemea, lakini hana aibu nacho, na hilo nilimpendea. Alitaka nimshonee mifuko kumi na moja, mirefu, yenye kamba ya kufungia.

"Ya kuweka nini?"

"Panga, Mama. Ile fupi. Niko nafundisha watu kule Busanza."

Nikaweka chaki chini. Watu wa umri wangu katika nchi hii, tulioyaona yale mauaji, hatuulizani kuhusu panga. Uwineza aliacha kukanyaga cherehani. Harriet akaelewa, akashusha sauti.

"Haina makali, Mama. Haikati hata ndizi. Ni mchezo, kama karate. Viongozi wanajua, na sanduku iko na kufuli."

Nilimwambia hapana. Kesho yake nikampigia simu kumwambia ndiyo. Mfuko ni mshono ulionyooka, na mshono ulionyooka nilikuwa bado nauweza. Sikutaka siku ipite bila kazi ya mikono yangu. Lakini nikamwambia simshonei mtu mfuko wa kitu ambacho sijakipima.

Basi Jumamosi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi, ulipokwisha na magari yakaanza kutembea, nikaenda Busanza na futi yangu na chaki. Ukumbi uko nyuma ya zile nyumba za mradi, una sakafu ya saruji na madirisha makubwa. Katikati kulikuwa na meza, na juu ya meza panga fupi kumi na moja zimelazwa kwenye shuka. Wanafunzi wapya sita walikuwa wamesimama kimya utadhani wako msibani. Siku ile ndiyo walikuwa wanachagua, kila mtu upanga wake wa kwanza. Sheria ya Harriet ni kwamba mwalimu hasemi neno. Unachagua mwenyewe, na ukishachagua unakaa nao mwaka mzima, uzuri wake na ubaya wake.

Kijana mmoja, Eddie, karani wa benki, akatangulia. Akaenda moja kwa moja kwenye upanga unaong'aa kuliko zote, mpini una joka la kuchongwa na shada jekundu. Akautazama kama mtu aliyepata mchumba. Ulimi wangu haujawahi kujua adabu, nikasonya.

"Huo? Huo katundike sebuleni kwa shemeji yako."

Watu wakacheka. Harriet akanigeukia. "Mama anajua panga?"

"Mimi nachagua mikasi mwaka wa arobaini huu. Chuma ni chuma."

"Basi chagua, tuone."

Angesema tafadhali ningekataa. Lakini alisema tuone, na mimi mtu akiniambia tuone, lazima aone. Nikasogea mezani, futi na chaki mkononi, nikaanza.

Nikachukua ule wa Eddie kwanza, nikautikisa karibu na sikio. Ukalia ndani ya mpini. "Sikia. Chuma hakikufika mwisho, kimeishia hapa juu. Siku moja utarusha mkono, mpini ubaki kwako na chuma kimfuate jirani." Eddie akarudi nyuma hatua mbili. Wa pili nikaulaza juu ya mkono wangu toka ngumi kwenda kiwiko. Ncha ikapita kiwiko shibiri nzima, mrefu mno kwa mtu mfupi kama mimi. Wa tatu mpini mnene, vidole havifungi. Wa nne nikauelekeza dirishani, nikachungulia ubavu wake kama ninavyochungulia mkasi mpya, nikaona umepinda. Wa tano na wa sita nikazisawazisha juu ya kidole, zikaangukia mbele kama mtu anayesinzia.

Wa saba ulikuwa mnyonge. Rangi ya moshi, mpini umezungushiwa kamba ya pamba, hauna shada, hauna joka. Nikauweka juu ya kidole, vidole vitatu kutoka kwenye kikingio, ukatulia. Nikaukamata. Sikuusikia uzito. Nilichosikia ni kwamba kifundo changu cha mkono kimerefuka kidogo.

"Huu," nikasema. Sauti yenyewe ilitoka ndogo.

"Sawa, Mama. Simama nayo mbele. Onyesha ule msumari ukutani."

Nikaweka futi na chaki mezani, nikauhamishia upanga mkono wa kulia, kama tulivyofunzwa kushika kitu cha heshima, nikauinua mbele yao. Ncha ikaanza kucheza. Nikakaza vidole, ikazidi. Nikasikia jasho mgongoni. Miezi yote ile nimejificha nyuma ya mlango, na sasa nimesimama katikati ya ukumbi, watu saba wananitazama nikitetemeka. Upanga ukanitoka ukalia kwenye saruji.

Niliona aibu, na sina neno lingine zuri zaidi. Hakuna aliyecheka. Eddie, niliyemfanyia mzaha, aliinama akauokota, akanipa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umegusa kiwiko, kama anavyompa mama yake.

Harriet hakuniambia pole. Alinitazama kwa mshangao.

"Mama, mbona umebadilisha mkono?"

"Nimebadilisha nini?"

"Zote saba umepima na kushoto. Kulia ilishika futi. Kushoto haikutetemeka hata kidogo."

Nikakasirika. Wallahi nilikasirika, kwa sababu kuna mambo mtu ameyafukia na hataki mgeni aje na jembe. Nilipokuwa na miaka mitano, kila asubuhi Baba alikuwa akinifunga mkono wa kushoto kiunoni kwa ukanda wa kitenge. Ule ni mkono wa chooni, alisema, ukimpa mtu chakula nao hatakula, ukimshonea nguo nao hatavaa. Alifunga taratibu, akaingiza kidole chini ya ukanda kuhakikisha hauniumizi, halafu akaondoka haraka bila kunitazama. Nilidhani ananichukia. Baada ya miaka miwili ukanda ukawa hauna kazi, mkono umenyamaza wenyewe, na mimi nikausahau.

"Kwa mchezo yetu," Harriet akasema, "upanga mrefu unakaa kulia. Ile fupi ni ya kushoto siku zote. Kushoto ndio nyumbani kwake. Jaribu, Mama."

Nikajaribu. Nikauinua kwa mkono wa kushoto, nikaelekeza ncha kwenye msumari.

Ikasimama.

Subhanallah. Haikutulia kwa kulazimishwa. Ilisimama tu, imeukazia msumari macho, na mimi nyuma yake sipumui. Nikaisogeza kulia, ikaenda. Nikairudisha, ikarudi pale pale. Zaidi ya miaka hamsini sijaupa mkono ule kazi hata moja ya maana, zaidi ya kushikilia kitambaa wakati mwenzake anasifiwa, na hata siku moja haukuwa umelala. Ulikuwa unatazama. Kila nilichojifunza kwa kulia, wenyewe ulikuwa umeshajifunza. Machozi yakanitoka na sikuyafuta, maana sikutaka kuushusha upanga.

"Huo ndio wako," Harriet akasema.

Nilimshonea mifuko yake, na wa upanga wangu nikautia bitana. Kwa wiki tatu nilikwenda Busanza kila Jumamosi, na siku nyingine nikafanya mazoezi dukani kwa mwiko, maana panga hazitoki ukumbini. Uwineza alinitazama nikiichoma hewa kwa mwiko akasema, "Mama Swafiya, sha, tukuitie shehe akusomee?" Nikamwambia ashone.

Lakini mkasi ulinishinda. Nilipouchukua kwa mkono wa kushoto, mkono haukutetemeka, ila kitambaa kilijikunja katikati ya meno yake na kubanwa badala ya kukatika. Kila fundi anajua kwa nini: mkasi umeundwa kwa ajili ya mkono wa kulia, ukiushika kwa kushoto meno yanaachana. Mkono unaojua kukata nilikuwa nao, na chombo sina. Nikarudi kufunga mlango.

Jumatatu Mukashema akaja, akakaa kwenye benchi, akakataa chai. Harusi ilikuwa imebaki siku kumi na mbili.

"Swafiya, kama huwezi niambie. Sitakasirika. Nipe lesi yangu niende kwa mwingine."

"Ngoja kidogo," nikasema, nikaingia nyuma, nikafunga mlango na kuegemea meza. Nilikuwa naenda kuikunja ile lesi nimrudishie. Huo ndio ukweli. Nikainua macho nisiione, yakatua juu ya msumari.

Sijui nilikaa muda gani nikiutazama mkasi wa Baba. Nikaushusha. Nikaingiza kidole gumba cha kushoto kwenye tundu lake, kikaingia kama kinarudi mahali pake. Chuma pale ndani kilikuwa kimelika, laini, upande mmoja tu, upande ambao gumba langu lilikuwa limelala. Mkasi mbovu hauliki hivyo. Mkasi unalika kwa kutumika miaka na miaka.

Nikaokota kipande cha kitambaa sakafuni, nikakata. Ukapita kama unapita kwenye maji, mstari safi, mwisho mpaka mwisho.

Nikakaa chini. Mkataji hatazamwi! Maisha yake yote mlango umefungwa, na sisi nje tunasema siri ya kazi. Kila kanzu waliyovaa watu siku ya Idi, kila gauni la harusi, alikata kwa mkono ule ule alionifunga mimi. Alijua watu wangefanya nini wakijua. Ndiyo maana alifunga taratibu, na ndiyo maana hakunitazama. Nilimlilia Baba pale chini kuliko nilivyomlilia siku ya kumzika.

Halafu nikasimama, nikanawa uso, nikaitandaza lesi.

"Uwineza," nikaita, "fungua huo mlango."

"Mama?"

"Wazi kabisa. Uweke jiwe usijifunge."

Mlango ukafunguka, mwanga wa barabarani ukaingia mpaka mezani. Mukashema aliinuka kwenye benchi akaja kusimama kizingitini, na nyuma yake Uwineza, na nyuma ya Uwineza mteja mwingine aliyekuja kuchukua suruali. Nikaelekeza ncha kwenye alama ya chaki. Ikasimama. Nikaanza kukata.

"Swafiya," Mukashema akanong'ona, "unakata kwa kushoto?"

"Ndiyo," nikamjibu bila kuinua macho. "Kama Baba."